Kupembea, Kutetema na Masafa: Juu ya Istilahi za Osilesheni katika Fizikia na Elektroniki

Miongoni mwa dhana za sayansi ambazo mfasiri wa Kiswahili hukutana nazo mara kwa mara, na ambazo humtoa jasho kila akutanapo nazo, ni ile ambayo lugha za Ulaya huiita osilesheni. Dhana hii imo katika vitabu vya fizikia, imo katika maelezo ya saa na ya redio, imo katika mikataba ya ununuzi wa jenereta na transfoma, na imo katika matangazo yahusuyo leseni za utangazaji. Pamoja na hayo, mtu akizikusanya tafsiri zake atakuta neno moja, mtetemo, limebebeshwa mizigo mitatu au minne isiyofanana. Na atakuta neno jingine, masafa, likitumiwa kwa mambo mawili ambayo moja likiongezeka jingine hupungua. Makala haya yanakusudia kwanza kuieleza dhana yenyewe, ili imwelee hata mtu asiye mwanafizikia, kisha kutoa maoni yetu juu ya maneno yanayoifaa. Hatudai kwamba maneno tutakayoyapendekeza ndiyo pekee yafaayo. Tunachodai ni kwamba istilahi haiwezi kuchaguliwa vyema kabla ya kujulikana jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi.

Tuitazame timazi ya fundi mwashi, yaani ule uzi wenye kipande cha chuma au cha risasi mwishoni. Ikiachwa, huning'inia wima na kutulia. Mahali hapo pa kutulia tutapaita kitulio. Sasa tuisogeze kando kidogo na kuiachia. Uzito wake huivuta irudi kwenye kitulio. Lakini ifikapo pale haisimami, kwa kuwa imekwisha kupata mwendo, na kitu kilicho katika mwendo hakisimami mpaka kisimamishwe. Kwa hiyo hukipita kitulio, hupanda upande wa pili, huishiwa na mwendo, huvutwa tena, na hivyo huendelea kwenda na kurudi. Hapa pana mambo mawili, na msomaji ayashike yote mawili: kani inayorejesha kitu kwenye kitulio chake, na ule ukaidi wa kitu kilicho mwendoni ambao wanafizikia huuita inersha. Likikosekana moja, osilesheni haipo. Timazi ile ile tukiitumbukiza ndani ya asali nzito na kuisogeza kando, itarudi polepole hadi kwenye kitulio na kukoma hapo; kani ya kurejesha ipo, lakini mwendo umemezwa na asali. Na mpira uviringikao juu ya sakafu iliyo sawa una mwendo, ila hauna kitu cha kuurudisha.

Maelezo haya yanatosha kutuonyesha kasoro ya neno mtetemo. Kutetema, kwa Mswahili, ni kutikisika kwa haraka na kwa kadiri ndogo: mtu hutetema kwa baridi au kwa homa, kioo cha dirisha hutetema lori linapopita, na siku hizi simu ya mkononi nayo hutetema mfukoni. Neno hili lina wepesi ndani yake. Kulitumia kwa timazi iendayo na kurudi kwa utulivu, au kwa jengo refu liyumbalo kwa upepo mara moja katika sekunde kadhaa, ni kulilazimisha liseme lisilolijua. Zaidi ya hayo, ndugu yake, tetemeko, amekwisha kukabidhiwa ardhi.

Lugha yetu haina upungufu katika jambo hili. Ikiwa ina tatizo, basi ni wingi. Mti huyumba, tawi hunesa, mlevi hulewalewa, chombo baharini huenda mrama, mtu aliyekosa shauri huwayawaya, mtoto hupembea. Kila neno katika haya lina picha yake. Kuyumba ni kwenda upande bila mpango, na mara nyingi kuna hofu ya kuanguka ndani yake. Ndiyo maana twasema uchumi umeyumba. Kunesa kumefungamana na kitu chembamba kinachopindika. Mrama ni wa vyombo, na watu wa pwani hawataturuhusu kuuchukua na kuupeleka katika maabara. Kupembea, kwa upande mwingine, kuna sifa zote tuzitakazo: kitu kimeshikiliwa mahali, kinaondoka kitulioni, kinarudi, kinapita, na kinafanya hivyo tena na tena kwa muda ulio sawa. Mtoto yeyote aliyepata kukaa juu ya pembea anaijua fizikia hii kwa mwili wake kabla hajaisikia kwa mwalimu. Kwa sababu hiyo twapendekeza kitenzi kupembea na nomino mpembeo, wingi wake mipembeo, kwa dhana ya jumla. Na mtetemo ubaki kuwa jina la mpembeo wa haraka na mdogo wa vitu vigumu, kama ule wa uzi wa gitaa au wa sahani ya mashine.

Tukiupima mpembeo twahitaji maneno matatu. La kwanza ni muda unaochukuliwa na kitu kwenda na kurudi mara moja kamili. Wengi huuita kipindi, nasi hatuoni sababu ya kulikataa neno hilo kwa kuwa tu shule na redio nazo zina vipindi vyao, muktadha hutofautisha. La pili ni hesabu ya mipembeo kamili katika sekunde moja, na tutalirudia baadaye, maana ndilo lenye ugomvi. La tatu ni umbali ambao kitu hufika kutoka kitulioni. Hili twapendekeza liitwe upeo. Wako waliopendelea kipeo, lakini hisabati imekwisha kulichukua kwa kazi yake, na mwanafunzi mmoja hafai kukutana na vipeo vya aina mbili katika asubuhi moja. Mfasiri akumbuke kwamba upeo hupimwa kutoka kitulioni hadi upande mmoja, wala si kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Kosa la kuuzidisha kwa mbili ni rahisi sana kufanyika pale ambapo neno lililotumika ni upana.

Sifa ya ajabu ya mpembeo wa timazi ni kwamba, upeo ukiwa mdogo, kipindi hakitegemei ukubwa wa upeo huo, wala hakitegemei uzito wa kitu kinachoning'inia. Hutegemea urefu wa uzi na nguvu ya mvutano wa dunia tu. Uzi wa mita 1 hutoa kipindi cha sekunde 2 hivi. Ukitaka sekunde 1 hutaupunguza kwa nusu, bali utaufanya kuwa robo, yaani sentimita 25. Husimuliwa kwamba Galileo aliligundua jambo hili kwa kuitazama taa iliyokuwa ikipembea katika kanisa kuu la Pisa. Iwe hadithi au kweli, ni Christiaan Huygens, Mholanzi, aliyelitumia mwaka 1656 kutengeneza saa ya kwanza yenye pendulumu, na usahihi wa saa ukapanda ghafla kutoka makosa ya robo saa kwa siku hadi makosa ya sekunde chache.

Kisa kilichofuata kinatuhusu sisi tuishio karibu na ikweta. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer aliipeleka saa ya pendulumu Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 tu kaskazini ya ikweta. Saa iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa kwa muda wa dakika mbili na nusu kila siku, akalazimika kuifupisha pendulumu kwa milimita chache. Saa haikuharibika. Dunia imevimba kidogo katikati, nayo huzunguka, kwa hiyo mvutano wake ikweta ni hafifu kidogo kuliko Ulaya, na kani ya kurejesha ikipungua kipindi hurefuka. Saa hiyo ingalipelekwa Mombasa au Dar es Salaam ingalichelewa vivyo hivyo. Newton alikitumia kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1687 kuthibitisha kwamba dunia si tufe kamili. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba kani ya kurejesha si maneno matupu ya vitabuni, hatapata mfano ulio bora kuliko huu.

Kabla ya kuingia katika umeme, hapana budi kutenganisha mpembeo na wimbi, kwani katika tafsiri nyingi hubadilishana nafasi kana kwamba ni pacha. Ngalawa iliyotia nanga hupanda na kushuka wimbi linapopita chini yake. Ngalawa haiendi popote, inapembea. Kinachokwenda pwani ni wimbi. Mpembeo basi ni wa mahali pamoja, na wimbi ni habari ya mpembeo inayosafiri kutoka mahali hadi mahali. Wimbi lina kitu ambacho mpembeo hauna, nacho ni urefu wake: umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kifuatacho.

Na hapa ndipo linapoingia neno masafa. Kwa asili masafa ni umbali, nayo bado yana maana hiyo tunaposema mbio za masafa marefu au makombora ya masafa marefu. Watangazaji wa redio walilichukua kwa urefu wa wimbi, wakapata masafa mafupi na masafa ya kati. Na kwa kuwa urefu ni umbali, hawakukosea. Lakini baadaye neno lilihamia kwenye ile hesabu ya mipembeo katika sekunde, na sasa husikika kila siku kituo kikitaja masafa yake kwa megahezi. Ubaya wake ni huu: mawimbi ya redio husafiri kwa kasi moja, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na kwa hiyo kadiri hesabu ya mipembeo inavyoongezeka ndivyo urefu wa wimbi unavyopungua. Mipembeo milioni 1 kwa sekunde hutoa wimbi la mita 300. Milioni 6 hutoa mita 50. Milioni 100, ambayo ni jirani ya vituo vya FM, hutoa mita 3. Yale tuyaitayo masafa mafupi, kuanzia megahezi 3 hadi 30, ndiyo ambayo katika mikataba ya kimataifa huainishwa kuwa ni ya hesabu ya juu. Mfasiri asiyejua hili, akikutana na istilahi hiyo katika mkataba, huandika masafa marefu, na kwa neno moja amekwisha kukihamisha kituo kutoka bendi moja hadi nyingine. Kichekesho ni kwamba masafa mafupi ndiyo yafikayo mbali zaidi, maana hugongana na tabaka za juu za anga na kurudishwa chini. Kwa miaka mingi matangazo kutoka Ulaya yalisikika Kigoma na Bukavu kwa njia hiyo, hali FM haivuki sana upeo wa macho. Mwanakijiji aliyeelewa kwamba masafa mafupi ni redio ya karibu hakuwa mjinga. Alikifahamu Kiswahili.

Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba hesabu ya mipembeo kwa sekunde iitwe marudio, na isemwe kuwa ni ya juu au ya chini. Kwamba kipimo cha mita kiitwe urefu wa wimbi. Na kwamba umbali ambao kituo husikika uitwe umbali wa kufikia. Tunajua kuwa masafa kwa maana ya marudio yamekwisha kuota mizizi katika ofisi na katika vituo vya utangazaji, na mti uliokomaa haung'olewi kwa makala. Pale ambapo hauwezi kung'olewa, mwandishi wa waraka aepuke angalau kuyavika masafa hayo vivumishi vya urefu: aandike masafa ya juu, kamwe asiandike masafa marefu, na aambatishe tarakimu pamoja na kipimo chake. Tarakimu haina lahaja.

Sasa tuingie katika elektroniki. Hakuna timazi humo, na bado mpembeo ni ule ule. Chukua kapasita, ambayo ni sahani mbili za metali zilizotenganishwa, na koili, ambayo ni waya uliosokotwa duara kwa duara. Kapasita ikichajiwa ni sawa na timazi iliyosogezwa kando: nishati imewekwa akiba, na chaji zinatamani kurudi. Ukiiunganisha na koili, mkondo huanza kupita. Koili nayo ina ukaidi wake; mkondo ukisha kupita ndani yake huzusha usumaku, na usumaku huo hauuruhusu mkondo kukoma ghafla. Hivyo kapasita inapokuwa tupu mkondo bado unasukumwa kupita, na sahani zinachajiwa upya kwa upande ulio kinyume. Kisha safari ya kurudi huanza. Kapasita imeshika nafasi ya kani ya kurejesha, koili imeshika nafasi ya inersha, na William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lord Kelvin, aliifanyia hesabu hali hii tangu mwaka 1853. Koili ya mikrohenri 100 pamoja na kapasita ya pikofaradi 253 hupembea mara milioni 1 kwa sekunde. Katika redio za zamani, mtu alipozungusha kitufe cha kutafuta kituo, alikuwa akizisogeza sahani za kapasita na kuyabadili marudio hayo.

Mpembeo wa namna hii, ukiachwa peke yake, hufifia, kama pembea iliyoachwa na wenye kuisukuma. Katika timazi ni hewa inayoula, katika umeme ni ukinzani wa waya. Tendo hilo tungependa liitwe kufifia, na mpembeo uitwe mpembeo fifivu. Wale wanaoandika mpembeo uliozimwa wanakosea kidogo, kwani kuzima ni mara moja na kufifia ni kidogo kidogo. Ili mpembeo udumu lazima nishati iliyopotea irudishwe, na irudishwe kwa wakati wake. Kifaa kifanyacho hivyo huchukua sehemu ndogo ya mpembeo wenyewe, hukikuza kwa transista, na kukirudisha pale kilipotoka. Urudishaji huo ni mrejesho, neno ambalo ofisi zetu zimelizoea kwa mambo ya mikutano na ambalo linafaa hapa pia bila marekebisho. Kifaa chenyewe twakiita kipembeshi. Tulikifikiria pia kipembezi, lakini sauti yake inampeleka msomaji pembezoni.

Jambo lisiloonekana upesi ni kwamba chanzo cha nishati ya kipembeshi hakipembei. Betri hutoa mkondo mnyoofu, wala haina marudio yoyote. Mpembeo huzaliwa na mpangilio wa vifaa vyenyewe. Mfano wake mkubwa kupita yote ulionekana Marekani tarehe 7 Novemba 1940, daraja la Tacoma Narrows lilipojipinda huku na huku hadi likavunjika kwa upepo wa kawaida uliokuwa ukivuma mfululizo. Vitabu vingi hulitaja daraja hilo kama mfano wa resonansi, jambo ambalo si sahihi: upepo haukuwa ukisukuma kwa mapigo yanayolingana na ya daraja, bali kila daraja lilipojipinda, lenyewe liliugeuza upepo uzidi kulipinda. Huo ni mrejesho. Mfasiri wa kitabu cha aina hiyo hana mamlaka ya kukirekebisha, ila anaweza kuweka tanbihi.

Resonansi yenyewe ni jambo jingine. Kila kipembeacho kina marudio yake ya asili, na kikisukumwa kwa marudio hayo hayo, hata kwa nguvu ndogo, upeo wake hukua. Mzazi asukumaye pembea ya mwanawe hasukumi kwa nguvu. Husukuma kwa wakati. Mwaka 1831, huko Broughton karibu na Manchester, daraja lilianguka chini ya kikosi cha askari waliokuwa wakitembea kwa hatua moja, na tangu hapo askari wa Uingereza wakaamriwa kuvunja hatua wavukapo madaraja. Redio nayo huchagua kituo kwa njia hiyo: mawimbi ya vituo vyote huifikia, lakini saketi yake huitika lile moja tu linalolingana nayo. Kwa kuwa tumekwisha kusema huitika, neno limejileta. Mwitikio ni bora kuliko mwangwi, ambao ni sauti iliyorudishwa na kitu kisichoshughulika nayo, na ni bora kuliko mvumo, ambao ni sauti tu.

Walimu wa pwani wana mfano mwingine ambao wa bara watausikia kwa wivu. Bahari hujaa na kupwa kwa kuvutwa na mwezi, kipindi chake saa 12 na dakika 25 hivi; na huvutwa pia na jua, kwa kipindi cha saa 12 kamili. Mipembeo hii miwili haiendi sambamba. Zipo siku ambazo hukutana na kusaidiana, maji yakajaa sana na kupwa sana, nalo ni bamvua. Na zipo siku ambazo hupingana, yakawa maji mafu. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu takriban. Jambo hilo hilo hutokea gitaa mbili zinapokosa kulingana kidogo na sauti ikawa inapanda na kushuka, na mafundi wa redio hulitumia kwa makusudi wanapochanganya marudio mawili ili kupata la tatu. Wavuvi walikuwa na istilahi za hali zote mbili kabla ya maabara kuwapo.

Limebaki swali dogo la kipimo. Marudio hupimwa kwa kizio kilichopewa jina la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio kwa majaribio ya miaka ya 1887 na 1888. Jina lake mwenyewe laandikwa kama lilivyo. Kizio chake, kikiandikwa kwa neno, kiwe hezi, kwa herufi ndogo na bila wingi, pamoja na kilohezi na megahezi. Kikiandikwa kwa alama kiwe Hz, H kubwa na z ndogo, alama ambayo ni ya mataifa yote na haitafsiriwi. Mkondo geu unaofika majumbani mwetu ni wa Hz 50, yaani huenda na kurudi mara 50 katika sekunde. Na mlio tuusikiao tupitapo karibu na transfoma ni wa Hz 100, kwa sababu chuma chake hujinyoosha na kujikunja mara mbili katika kila kipindi, mara moja mkondo uendapo na mara moja urudipo. Huo, bila shaka, ni mtetemo.